B/K haikuwa uhasibu: miaka yangu minne ya somo la dini kwenye shule ya kanisa

Kama mtoto wako anakwenda kuanza Kidato cha Kwanza kwenye shule ya kanisa na nyinyi ni Waislamu (au ni Wakristo wa dhehebu jingine, maana na hao nimewaona wakihangaika), soma hii kabla hujalipa ada. Mimi nilipita humo kuanzia Januari 2015 hadi Novemba 2018, na karibu kila kosa linalowezekana nililifanya mwenyewe au nilifanyiwa na watu wangu wakidhani wananisaidia.

Kwetu ni Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara za namba. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Mama anauza vitumbua asubuhi, jioni mihogo ya kukaanga. Tunaishi na bibi mzaa mama, na mwenye sauti kwenye mambo ya shule alikuwa mjomba, wa bandarini. Nilipomaliza la saba nilipangiwa shule ya kata ambayo maabara yake ilikuwa chumba chenye meza mbili na buibui. Mjomba akasema huyu mtoto anataka sayansi, atakwenda shule ya kanisa, ada nalipa mimi. Ilikuwa kutwa, laki tisa kwa mwaka, kwa awamu nne.

Mjomba hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na kumbe hapo ndipo pa kuanzia. Yeye alisoma miaka ya sabini kwenye sekondari iliyojengwa na wamisionari, lakini wakati huo serikali ilikuwa imeshazitaifisha shule zile kwa sheria ya mwaka 1969. Alikuta jengo lina msalaba juu ya mlango, ndani walimu wa serikali, na kila mtu na dini yake. Akadhani shule ya kanisa ya 2015 ni ileile ya kwake. Hii ya leo ni mali ya kanisa kweli, ina mchungaji wake, ina ibada yake, na ratiba yake imepangwa na wenyewe.

Bibi alikuwa na historia nyingine kichwani. Baba yake alikataa katakata kuwapeleka kaka zake shule ya misheni ya Magila, kule Muheza, kwa kuogopa watabatizwa. Hofu hiyo ni kongwe hapa kwetu. Hata Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892 hawakuifanya ya kanisa, kwa sababu walijua Waislamu wa mwambao hawatapeleka watoto kwa mapadri. Bibi alisema neno moja tu, "Haya," na akaendelea kuchambua mchele. Ukiishi na mzee wa pwani utajua kwamba "haya" ya namna hiyo si ruhusa.

Fomu ya kujiunga ilikuwa kurasa sita. Mama aliisoma kwa sauti chini ya taa, kidole kikifuata mstari: ndoo moja, fyekeo moja, rimu moja ya karatasi, soksi nyeupe jozi mbili, Biblia moja. Kidole kikasimama. Akamtazama mjomba. Mjomba akasema, "Hiyo wameandikia wa kwao. Endelea." Mama akaendelea.

Kosa lilikuwa hapo hapo. Chini ya ukurasa wa kwanza palikuwa na namba ya simu ya shule. Dakika tatu za maongezi zingetuokolea miaka miwili, na hakuna aliyepiga. Ukurasa wa tano kulikuwa na jedwali la masomo ya kuchagua na kisanduku kimeandikwa "Somo la dini", chenye nafasi ya mzazi kujaza. Tulikiacha wazi tukidhani ukiacha wazi maana yake hutaki.

Biblia niliinunua mwenyewe, kwa sababu niliogopa kufukuzwa getini. Elfu nane, ya Kiswahili. Nilikwenda na ushungi wangu kichwani, muuzaji akaniuliza kama ni zawadi, nikajibu ndiyo. Nikaipitisha nyumbani ndani ya ndoo mpya, juu nimeweka soksi. Kumbe haikuwa na kazi: somo lenyewe lilifundishwa kwa Kiingereza, walitumia Biblia za Kiingereza zilizokuwa kabatini darasani. Ile ya kwangu ilikaa miaka miwili kwenye dawati bila kufunguliwa.

Wiki ya kwanza ndipo nilipoelewa jambo ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka leo. Wanaposema "dini shuleni" wanadhani ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Kuna ibada, asubuhi kabla ya masomo, na kwetu kila Jumatano ibada ndefu kanisani. Kuna kipindi cha dini, kimoja kwa wiki, ambapo wanafunzi wanagawanywa kwa madhehebu na kila kundi linapata mtu wake: Wakatoliki huku na TYCS yao (umoja wa wanafunzi Wakatoliki), Walutheri na Waanglikana wa UKWATA (umoja wa wanafunzi wa Kiprotestanti) kule, walokole pembeni. Halafu kuna somo la dini lenyewe, la mtihani, lenye silabasi, lenye daftari, lenye alama kwenye ripoti. Bible Knowledge, yaani maarifa ya Biblia, kwa kifupi B/K, namba 014 kwa Baraza la Mitihani. Jirani yake ni 015, Elimu ya Dini ya Kiislamu, tunaiita EDK. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo ni lazima kwenye Kidato cha Nne. Lakini shule inaweza kuwa na utaratibu wake, na utaratibu wa kwetu ulikuwa rahisi: kisanduku kisichojazwa, mwalimu wa taaluma anakijaza 014.

Ukienda kuuliza shule, uliza vyote vitatu, kimoja kimoja. Ukiuliza "je, Waislamu mnawalazimisha dini?" watakujibu hapana, na watakuwa wanasema kweli kuhusu kimoja tu.

Kwenye kipindi cha dini darasa letu tulibaki Waislamu watano bila mtu. Mwalimu wa zamu akatuambia twende maktaba. Maktaba ilikuwa na kufuli. Tukakaa kwenye ngazi. Wenzangu wawili waliomba kuondolewa kwenye Bible Knowledge wiki ya pili, wazazi wao walikuja na barua, wakatolewa bila neno. Mimi sikuomba. Na sababu naisema leo kwa mara ya kwanza: nililipenda.

Nimesoma chuoni tangu nina miaka mitano (madrasa sisi tunaiita chuo). Visa vya mitume nimevisikia kwa ustadhi mpaka navijua kama njia ya sokoni. Siku mwalimu alipofika kwa Yusufu, akauliza nani anajua ndoto ya mfalme, mkono wangu ulikuwa juu peke yake. Nikaeleza ng'ombe saba wanono na saba waliokonda, masuke mabichi na makavu. Darasa likacheka, "Huyu shekhe wetu!" Mwalimu hakucheka. Alisema, "Kaeni kimya mjifunze." Mtoto wa kike wa miaka kumi na nne, ambaye Fizikia inamtoa jasho, ukimpa darasa analong'aa atalikumbatia. Mwisho wa muhula nilipata 88. Hisabati 41.

Basi ripoti ikaja nyumbani. Iliandikwa kwa mkono, masomo kwa vifupisho. Mstari wa nane: B/K, 88, A. Mama akauliza, "B/K ndiyo nini?"

Sikupanga. Ulimi ulitangulia. "Uhasibu, mama. Ule wa kuweka vitabu vya hesabu."

Si uongo wa mbali sana, kuna somo kama hilo kweli, Book-keeping, na herufi zake ni zizo hizo. Mama akafurahi jamani. Alifurahi kwa namna iliyonifanya nisiweze kuurudisha ule uongo mdomoni. Jioni yake aliniongezea kipande cha samaki. Kwa miaka miwili kila ripoti ilivyokuja, yeye aliruka Hisabati na Kemia akaenda moja kwa moja mstari wa nane. Akawaambia wateja wa vitumbua. Akamwambia mjomba, ambaye alikunja uso kidogo, akasema mbona alitaka sayansi, lakini A ni A.

Mambo mengine ya kipindi hicho nayapitia haraka. Ushungi nilikuwa nauvua kwenye kona kabla ya geti na kuutia kwenye begi, kwa sababu sare haikuuruhusu. Hilo nalo lilikuwa kwenye fomu, ukurasa wa tatu. Ramadhani tulifunga, walimu hawakutusumbua, ila mbio za michezo jioni zilikuwa mateso. Ijumaa wavulana waliruhusiwa kwenda msikitini wakiwa na barua ya mzazi na si vinginevyo. Kulikuwa na Msabato mmoja darasani, yeye tabu yake ilikuwa Jumamosi: majaribio ya Jumamosi asubuhi hafanyi, na kwa muda mrefu alipewa sifuri, mpaka baba yake alipokuja na barua. Barua, barua, barua. Shule yoyote, yenye dini yoyote, maneno ya mdomo yanapotea lakini karatasi inaingia kwenye faili.

Desemba 2016, likizo baada ya mtihani wa Kidato cha Pili. Mama alikuwa na kikoba chake, kikundi cha kuweka na kukopeshana, wanawake ishirini na wawili, wanakutana Jumamosi barazani kwetu. Mwisho wa mwaka wanavunja, wanagawana. Siku hiyo daftari na pesa havikukubaliana, elfu thelathini na saba haionekani. Maneno yakaanza kuwa makali. Mama akasema kwa sauti ya mtu mwenye akiba yake ndani, "Subirini. Ninaye mhasibu."

Nikaitwa. Nikakalishwa kwenye mkeka katikati yao, daftari mapajani. Safu nne zimepigwa kwa rula: hisa, mkopo, riba, jamii. Nakumbuka kuna doa la mafuta kwenye ukurasa wa Oktoba. Nilijumlisha safu ya kwanza, nikapata jibu. Nikarudia, nikapata jibu jingine. Mkono ukaanza kutetemeka. Mama akawaambia, "Muacheni apumue, shuleni ana A ya B/K huyu."

Mama mmoja wa barabara ya jirani, Mkristo, mtoto wake alikuwa mbele yangu mwaka mmoja shule ileile, akauliza bila ubaya wowote, "B/K? Si somo la Biblia lile?"

Ninavyokumbuka, hakuna aliyesema kitu. Kilichosikika ni karai jikoni, mafuta yakilia, na mihogo ilikuwa inaungua.

Elfu thelathini na saba ilipatikana, mtu alilipa mkopo mara mbili kwenye daftari na mara moja mfukoni. Hiyo waliiona wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani.

Kikao cha nyumbani kilikuwa usiku. Mama alilia, si kwa ajili ya Biblia, alilia kwa wateja aliowaambia. Mjomba aliwaka akasema kesho anakwenda shule na Katiba mkononi, Ibara ya 19 inasema mtu ana uhuru wa imani. Bibi ndiye niliyemuogopa zaidi, na bibi aliniuliza jambo moja tu: "Wanasema Yusufu alitupwa kisimani na nduguze?" Nikasema ndiyo. "Na yule mke wa bwana wake?" Nikasema naye yumo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi ungenihadithia. Miaka miwili nakaa hapa peke yangu na redio." Akaamka akaenda kulala. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mjomba kweli alikwenda, Januari shule ilipofunguliwa. Mkuu wa shule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema Katiba wanaifahamu, akafungua kabati, akatoa faili langu. Ile fomu. Kisanduku cheupe, na juu yake kalamu nyekundu ya mwalimu wa taaluma: 014. "Mzazi, tungejuaje?" Mjomba alirudi mpole. Kuna watu watasema shule ilipaswa kutuuliza, na mimi nakubali nusu: mwanafunzi mwenye jina kama langu, wangeuliza. Lakini hakuna aliyenishika mkono. Wenzangu wawili walitoka kwa barua ya mistari minne.

Mkuu alitupa njia tatu. Niendelee na Bible Knowledge, sasa kwa idhini ya mzazi. Niache somo la dini kabisa. Au nihamie EDK, shule itanisajili, ila mwalimu hawana, nijitafutie. Tukapewa wiki mbili. Majina na masomo hupelekwa Baraza la Mitihani mapema mno, si Novemba kama watu wanavyodhani, na ukishasajiliwa kubadili ni mlolongo. Ukitaka kubadili, badili mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, baada ya hapo usijisumbue.

Ustadhi wangu wa chuoni, nilipokwenda kwake nikitarajia bakora, alinikaribisha chai. Alisema kusoma kitabu cha watu si kosa, yeye mwenyewe anayo Biblia nyumbani. Akaniuliza nataka nini. Nikajibu nataka EDK. Akaniuliza kwa nini. Nikasema kwa sababu mimi ni Muislamu. Akacheka kidogo, akasema, "Sawa. Na majirani je?"

Alinipata. Nilichagua EDK kwa sababu ya wanawake ishirini na mmoja wa kikoba. Niliogopa kupita barabarani. Ningekuwa mkweli ningeendelea na nilichokijua, tena kwa idhini, au ningeacha vyote, nguvu zile nikazitia kwenye Hisabati. Badala yake nilianza somo jipya Kidato cha Tatu, bila mwalimu darasani, wenzangu wakiwa wamelisoma miaka miwili.

Watu wanadhani mtoto wa chuoni EDK ni ya kuokota. Thubutu. Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, nilikuwa nayo kifuani yote, lakini mtihani haukuulizi unajua kuisoma, unakuuliza sura imeteremshwa kwa sababu gani na mafunzo yake ni yapi. Kuna tauhidi, fikihi, hadithi, sira ya Mtume, makhalifa wanne na utawala wao. Kitu kimoja tu kilikuwa nafuu: karatasi yake ni ya Kiswahili, wakati Bible Knowledge ni Kiingereza mwanzo mwisho. Nililipa elfu kumi kwa mwezi kwa ustadhi, Jumamosi na Jumapili, na vitabu nilinunua vilivyotumika, viwili, kimoja kimekatika kurasa za zakati. Kurasa za zakati zikatoka kwenye mtihani wa majaribio. Ndiyo bahati yangu.

Na nilimpoteza rafiki. Alikuwa jirani yangu wa dawati, Mkristo, tulikuwa tunashindana Bible Knowledge, mara yeye mara mimi. Siku niliyobeba daftari langu nikatoka darasani kipindi kikianza, sikumwambia kitu. Alidhani nimeambiwa nyumbani nisikae naye. Miezi mitano hatukusemeshana. Kumbe angetosheka na sentensi moja. Alikuja mwenyewe siku moja akiwa na kitabu cha EDK kisichokatika kurasa, alikipata kwa jirani yao. Nikampa ile Biblia yangu ya Kiswahili, mpya kabisa, na bei bado iko nyuma.

Siku ya EDK, Novemba 2018, darasa zima lilikuwa letu wanne. Msimamizi alitembea kati ya viti vitupu, viatu vyake vikisikika kila hatua. Matokeo yalitoka Januari: EDK C. Rafiki yangu Bible Knowledge A. Nilipata daraja la tatu, na Hisabati ikabaki F yake. Sitasema ni kwa sababu ya somo la dini, lakini zile Jumamosi na Jumapili za miaka miwili zilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Mwaka juzi mdogo wangu alichaguliwa, na mjomba, ambaye sasa amestaafu, akasema apelekwe shule ileile, maabara bado nzuri. Fomu ikaja, sasa imekuwa kurasa nane. Bibi hayupo tena. Mama akawasha taa, akavaa miwani, kidole juu ya mstari. Ndoo, fyekeo, rimu, soksi. Biblia moja. Kidole kikasimama.

Mjomba akafungua mdomo. Mama akamnyoshea kiganja, akachukua simu, akanipa fomu akasema, "Nisomee namba, taratibu."